Uhuru wa dini shuleni usingoje mahakama

Ugomvi wa Kiwanjani ulianzia kwenye hijabu na suruali nyeupe. Mwezi Juni 2014, siku ya kutuza wanafunzi katika Shule ya Upili ya St Paul's Kiwanjani, Isiolo, naibu gavana wa kaunti aliomba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa mavazi hayo pamoja na sare yao ya kawaida. Shule ni ya umma na walimu wake wanalipwa na serikali, lakini mfadhili wake ni Kanisa la Methodist, na kanisa likakataa. Vurugu zikazuka, mwalimu mkuu akahamishwa, na kanisa likaenda mahakamani kuishtaki Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) na maafisa wa elimu wa Isiolo.

Machi 2015, Jaji Harun Makau wa Mahakama Kuu ya Meru aliamua kwamba kuwaruhusu wasichana hao hijabu ni kuwabagua wenzao waliobaki na sare peke yake. Septemba 2016, Mahakama ya Rufaa iliyoketi Nyeri ikaupindua uamuzi huo. Majaji walisema kwamba kanuni ya sare, hata ikionekana kuwa sawa kwa kila mtu, yaweza kumbagua yule ambaye dini yake inamtaka ajisitiri zaidi, na kwamba shule inapaswa kuweka njia ya kumsamehe mwanafunzi wa aina hiyo. Januari 2019, Mahakama ya Juu nayo ikaufuta uamuzi wa Rufaa. Haikusema kwamba hijabu imekatazwa shuleni, wala kwamba imeruhusiwa. Ilisema ombi la mzazi aliyejiunga na kesi halikuwasilishwa Mahakama Kuu kwa utaratibu unaotakiwa, na anayetaka jambo hilo liamuliwe aanze upya. Jaji Jackton Ojwang' alitofautiana na wenzake.

Msichana aliyeingia kidato cha kwanza Kiwanjani mwaka 2014 alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2017. Mahakama ya Juu ilipomaliza kuisoma hukumu yake, yeye alikuwa ameshatoka shule zaidi ya mwaka mzima. Miaka yote minne aliyostahili kujua haki yake ilipita huku mawakili wakibishana kuhusu namna ombi lilivyoandikwa.

Hoja yangu ni hii. Kenya ina Katiba nzuri kuhusu dini, na ina sheria ya elimu inayojitahidi kuifuata Katiba hiyo. Kinachokosekana ni serikali iliyo tayari kuitekeleza. Wizara ya Elimu imeliacha jambo hili zito mikononi mwa mwalimu mkuu na mfadhili wake, kisha likiharibika inawaachia majaji. Mtoto wa miaka 14 hawezi kubebeshwa mzigo wa kuishtaki shule yake ili aruhusiwe kusali.

Tutazame maandishi yenyewe. Ibara ya 8 ya Katiba inasema hakuna dini ya taifa. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi, na katika orodha yake imetaja dini, imani na hata mavazi. Ibara ya 32 inaenda mbali zaidi: inampa kila mtu haki ya kudhihirisha dini yake kwa ibada, kwa matendo, kwa mafunzo na kwa kuadhimisha siku yake ya ibada, inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake, na inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo linalopingana na dini yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 27, inamruhusu mfadhili kusimamia malezi ya kiroho shuleni na kuweka kasisi kwa gharama zake mwenyewe, lakini inamwekea sharti: ailinde imani ya wale wasio wa dhehebu lake.

Sharti hilo ndilo linalosahaulika. Wafadhili wengi wanaikumbuka nusu ya kwanza ya kifungu na kuisahau ya pili, na hakuna afisa wa kuwakumbusha. Kwenye bodi ya usimamizi ya shule, sheria inampa mfadhili viti vitatu. Mtoto Muislamu aliyepangiwa shule ya kanisa, au mtoto Mkristo aliyepangiwa shule ambayo karibu kila mtu ni Muislamu, hana kiti hata kimoja kwa jina la imani yake. Asiyekuwapo na lake halipo.

Januari moja nilimsindikiza jamaa yangu kumpeleka bintiye shule ya bweni huko bara. Foleni ilikuwa ndefu, kila mzazi na sanduku lake la chuma, ndoo, godoro na karatasi ya orodha ya mahitaji. Mwalimu aliyekaa mezani alikagua kimoja kimoja: slipa, sabuni, kamusi, shuka mbili. Alipoinua macho akamwona binti, akatulia. Hakuwa mkali. "Mama, hapa mtandio tunauvua," alisema. "Si mimi, ni mfadhili." Mama akamjibu kwa adabu ile ile: "Mwalimu, mwanangu hakujileta hapa. Ameletwa na serikali." Mwalimu hakuwa na la kujibu, na nyuma yetu watu walikuwa wakisukumana. Fomu ya kujiunga ilikuwa na mstari unaosema mzazi amekubali mtoto ahudhurie ibada zote za shule, bila kutaja dhehebu, na chini yake nafasi ya sahihi. Mama akatia sahihi. Angefanyaje, na nauli ya kurudi ilikuwa ya mtu mmoja?

Jibu la yule mama ndilo kiini cha jambo lote. Hoja inayotumika sana kutetea shule za wafadhili ni kwamba mzazi asiyependa kanuni ampeleke mtoto kwingine. Hoja hiyo ingekuwa na maana kama mzazi ndiye anayechagua. Katika shule za umma za Kenya mtoto hujaza machaguo yake, kisha mfumo wa wizara unampanga kwa alama na kwa nafasi zilizopo. Mtoto wa Lamu anaweza kujikuta Murang'a, na wa Kisii akajikuta Tana River. Mwalimu anayemfundisha ameajiriwa na TSC. Mgao wa elimu ya bure wa shule ya upili ya kutwa uliwekwa kuwa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na fedha hizo zinatoka kwa walipa kodi wa kila dini na wasio na dini. Serikali haiwezi kumpanga mtoto, kumlipia, kumwajiria mwalimu, kisha inapofika kwenye dhamiri yake ikasema hapo si pake.

Siyadharau makanisa. Elimu ya kisasa nchini Kenya ilianza mikononi mwao: Krapf na Rebmann walikuwa Rabai mwaka 1846, Maseno ilianza 1906, Alliance 1926. Kuna vijiji ambavyo bila misheni visingepata darasa kwa miaka hamsini zaidi. Lakini tangu mwanzo shule hizo zilikuwa na bei nyingine mbali na karo. Mtoto aliingia na jina la babu yake akatoka na jina la ubatizo, na wazee wengi wa Pwani waliamua kwamba kama hiyo ndiyo bei, watoto wabaki chuoni wasome Kurani. Pengo la elimu kati ya Pwani na sehemu za bara lina sababu nyingi, zikiwemo ardhi na utawala wa kikoloni, lakini woga huo ni mojawapo, na waliokuwa nao hawakuwa wajinga. Waliona kinachotendeka.

Wala si Waislamu peke yao. Mwaka 1929, misheni katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka walimu na wazazi waape kuikana tohara ya wanawake, na waliokataa wakafukuzwa, wao na watoto wao. Desturi yenyewe ilikuwa na madhara, na leo sheria ya Kenya inaiadhibu, kwa haki kabisa. Lakini tazama kilichotokea shuleni. Wazazi hawakuapa. Walijenga shule zao za kujitegemea kwa michango ya mbuzi na mbao, na kufikia 1939 walikuwa na chuo chao cha ualimu Githunguri. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo mwaka 1952, wakati wa hali ya hatari. Mzazi akilazimishwa kuchagua kati ya darasa na dhamiri yake, ataondoka na mtoto wake akienda kujenga pake.

Leo tunaliona hilo tena, kwa utulivu zaidi. Mombasa, Nairobi na Garissa zimejaa shule za binafsi za Kiislamu zinazochanganya mtaala wa serikali na madrasa, na nyingi ni nzuri sana. Mzazi mwenye uwezo ana haki ya kuzichagua. Lakini nina huzuni ninapomsikia mzazi akisema amempeleka huko si kwa sababu anaipenda shule hiyo, bali kwa sababu ile ya umma iliyo jirani ilimvua bintiye hijabu. Na asiye na uwezo? Huyo anabaki, anavua, ananyamaza. Taifa ambalo watoto wake wamegawanywa madarasani kwa dini tangu wakiwa na miaka sita litapata shida kuwakutanisha wakiwa watu wazima.

Baada ya uhuru, viongozi waliliona jambo hili waziwazi. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilisema shule za taifa huru zinapaswa kuheshimu imani zote bila kupendelea yoyote. Sheria ya Elimu ya 1968 iliyaondoa makanisa katika uendeshaji wa shule na kuyapa nafasi ya ufadhili. Tanzania ilichukua njia ya moja kwa moja: mwaka 1969 ilizitaifisha shule za misheni. Nchi hiyo ina mabishano yake, na makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii bado yanalalamikiwa na Waislamu wengi. Lakini vuka mpaka wa Lungalunga uende Tanga asubuhi ya siku ya shule. Utawakuta wasichana wa shule za serikali, wengine na hijabu zilizoshonwa kwa sare ya shule, wengine vichwa wazi, wanatembea pamoja wakinyang'anyana daftari la hesabu. Hakuna anayewatazama mara mbili.

Wapo wanaosema sare ni usawa, na usawa ukitobolewa mara moja umekwisha. Naiheshimu hoja hiyo kwa sababu sare inamficha mtoto maskini asionekane umaskini wake. Lakini hijabu ya rangi ya shule haimfichui maskini wala haimpambi tajiri. Na sare yetu imekuwa na nafasi za namna hii siku zote. Mvulana wa Kalasinga amekaa madarasa ya Nairobi na Kisumu na kilemba chake tangu enzi za ukoloni, na hakuna aliyedai kwamba usawa wa wenzake umevunjika. Tuliyemzoea tunamwachia, tusiyemzoea tunamwita mvunja kanuni.

Wengine wanauliza: leo hijabu, kesho nini? Kesho ilikwishafika. Waadventista Wasabato walienda mahakamani kwa sababu watoto wao walilazimishwa kusoma na kufanya majaribio siku ya Jumamosi, wakati Sabato yao inaanza jua linapotua Ijumaa na kumalizika jua linapotua Jumamosi. Walishindwa Mahakama Kuu mwaka 2014, wakashinda Rufaa Machi 2017. Januari 2019 binti wa Kirasta jijini Nairobi, aliyekuwa akizifunika nywele zake kwa kilemba, alirudishwa nyumbani siku zake za kwanza kidato cha kwanza akaambiwa akanyoe. Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba imani ya Kirasta inalindwa na Katiba kama dini nyingine yoyote, na kwamba shule ilikosea. Tazama mfululizo huo: kila jamii inaanza upya, kila familia inatafuta wakili wake, na ushindi wa mmoja haufiki kwenye lango la shule ya pili. Mwalimu mkuu wa kaunti nyingine hasomi hukumu za mahakama. Anasoma barua ya mfadhili.

Kuna mambo madogo yasiyofika mahakamani kabisa, na pengine ndiyo yanayouma zaidi. Ijumaa adhuhuri, wakati wa swala ya jamaa, kuna shule inayopanga kipindi cha maabara kila muhula, na anayeomba ruhusa anaambiwa achague kati ya kemia na msikiti. Mwezi wa Ramadhani, katika baadhi ya mabweni, wanaofunga wanaamka kabla ya alfajiri kula daku ya ugali uliobaki jana, umeganda, bila chai, kwa sababu jiko linawashwa saa kumi na mbili. Kuna shule zisizo na mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu (IRE), na watoto Waislamu wanasomea na kutahiniwa Elimu ya Dini ya Kikristo (CRE) kwa sababu ndilo somo la dini lililopo. Kipindi cha mafundisho ya kiroho (PPI) cha kila wiki, ambacho kiliwekwa ili kila mtoto alelewe katika imani yake, kinageuka kuwa ibada moja kwa wote. Hakuna linalogharimu pesa nyingi hapo. Kuwasha jiko saa kumi ni kuni na mpishi mmoja. Kumwita imamu wa mtaa au kasisi wa karibu kwa saa moja kwa wiki ni barua tu.

Ninayosema kuhusu shule ya kanisa nayasema vilevile kuhusu kwetu Waislamu. Mtoto Mkristo aliyepangiwa shule ya Garissa au Kwale ana haki ya chakula cha mchana mwezi wa Ramadhani bila kuonewa aibu, ana haki ya ibada yake ya Jumapili, na akiwa msichana asilazimishwe kufunika kichwa ili aonekane ana heshima. Msichana Muislamu asiyetaka hijabu naye hapaswi kulazimishwa, si na mwalimu wala na wenzake wa bweni. Mashekhe wetu wamenyamaza mno juu ya hili. Tukiidai Ibara ya 32 Isiolo tusiifunge Wajir.

Wizara haijakaa kimya kabisa. Imekuwa ikitoa nyaraka na matamko, hasa vurugu zikitokea. Lakini waraka hauwezi kumbana mfadhili anayesema Katiba inalinda imani yake pia, na waziri akibadilishwa, waraka unabaki kwenye faili. Kinachotakiwa ni kanuni zenye nguvu ya sheria, na Sheria ya Elimu ya Msingi imempa Waziri mamlaka ya kuzitunga. Ziseme wazi kwamba kila shule ya umma itakuwa na utaratibu wa maandishi wa kumsamehe mwanafunzi kanuni inayogongana na dini yake, na kwamba vazi la dini litafuata rangi ya sare. Ziseme kwamba hakuna fomu ya kujiunga itakayomfunga mtoto kuhudhuria ibada ya dini isiyo yake. Mtihani au kipindi cha lazima kisiwekwe wakati wa swala ya Ijumaa wala Sabato. Penye ulazima, kuwe na siku mbadala. Mwalimu mkuu atakayekataa ombi aandike sababu, na mzazi awe na mahali pa kukata rufaa kwenye kaunti ajibiwe ndani ya siku chache, muhula haujaisha.

Mipaka iwepo. Ibara ya 24 inaruhusu haki hii kuwekewa kikomo chenye sababu. Kitambaa kinachoning'inia karibu na moto wa maabara kifungwe vizuri. Msimamizi wa mtihani akitaka kuhakiki sura ya mtahiniwa, mwanamke amhakiki mwanamke. Imani isitumiwe kumwondoa mtoto darasa la sayansi, wala kumkataza msichana michezo, wala kumhubiria jirani yake wa kitanda cha juu asiyetaka kuhubiriwa. Haya yote yanaandikika, na yakiandikwa yatamlinda mwalimu mkuu pia, ambaye leo amebanwa kati ya askofu, mzazi na kamera ya simu.

Watu wa Ufaransa waliamua mwaka 2004 kuondoa alama zote kubwa za dini katika shule za umma. Hiyo ni njia yao. Sisi si Ufaransa. Utangulizi wa Katiba yetu unautambua ukuu wa Mungu, wimbo wetu wa taifa ni sala, na mikutano yetu hata ya chama cha akiba hufunguliwa kwa dua. Nchi ya namna hiyo ikimwambia mtoto aiache dini yake langoni, inamaanisha jambo moja tu: aiache yake, achukue ya mwenye lango.

Mzazi unayesoma haya, usitie sahihi mstari usiokubaliana nao kabla ya kuandika kando yake kwamba mtoto wako ni wa dini fulani na unaomba haki yake chini ya Ibara ya 32. Ubaki na nakala. Viongozi wa Baraza Kuu la Waislamu Kenya (Supkem), wa Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) na wa Baraza la Maaskofu Wakatoliki mmekaa meza moja mara nyingi wakati wa uchaguzi na wakati wa mauaji. Kaeni tena kwa ajili ya hili, mkiwa na rasimu mkononi. Na Waziri wa Elimu achapishe kanuni hizo katika gazeti rasmi la serikali kabla ya wanafunzi wa Gredi ya 10 kuripoti shuleni Januari ijayo.